Majani ya Luchelele, mfuko wa UREA na ziwa lililo chini ya kiwanja

SWALI: Tumejenga Luchelele, Mwanza, kiwanja cha mita 25 kwa 30, chote mteremko kuelekea Ziwa Victoria. Mwaka jana fundi alimwaga lori mbili za udongo mwekundu, akapanda majani ya kapeti. Masika yalipendeza mno. Sasa ni Julai, yamekuwa ya njano, mchwa wameingia, ndago iko kila kona, na bili ya maji imenitisha. Jirani ananiambia ninunue mfuko wa UREA na dawa ya magugu. Kijana wa bustani anataka tufunge pampu tuvute maji ziwani, kwani ni kama mita mia tu. Mume wangu amechoka, anasema tumwage zege kiwanja kizima yaishe. Nifanye nini bila kuharibu ziwa ambalo watoto wangu wanaogelea? Nimeambatisha picha.

JIBU: Kabla hujanunua chochote, dada, piga magoti kwenye hayo majani ya njano. Shika shina moja, lifuate mpaka linapoingia udongoni, ulikwangue kwa ukucha. Ndani pakiwa peupe na pana unyevu kidogo, jani liko hai. Pakiwa pakavu, pa kahawia, na panakatika kama njiti ya kiberiti, hapo pamekufa. Rudia sehemu kumi hivi, za juu ya kiwanja, za katikati na za chini. Nadhani saba au nane kati ya hizo utazikuta hai, maana kwenye picha yako naona jani jembamba na vile vitambaazi vinavyotoa mizizi kila kifundo. Hiyo ni ukoka. Jina la kapeti halikuambii kitu, mafundi wanaliita hivyo jani lolote linalouzwa kwa vipande.

Ukoka ndio ule ule unaouona kandokando ya barabara, unakanyagwa na ng'ombe na bodaboda, unageuka rangi ya vumbi kuanzia Juni, halafu mvua mbili za Oktoba zikishuka unachipua kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndivyo unavyoishi. Jua likizidi na maji yakikosekana, unaacha majani ya juu yakauke na unahifadhi nguvu kwenye mashina ya chini ya ardhi. Anayeutaka uwe kijani Julai na Agosti hapa kwetu anashindana na majira, na bili yake inakuja kila mwisho wa mwezi.

Wazee wa Kisukuma wanalijua hili kuliko sisi wenye vyeti. Wanatenga ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo haiingii, nyasi zinakua mpaka zinakomaa, kisha kiangazi linafunguliwa ng'ombe wale zile nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama. Sijawahi kusikia mzee aliyemwagilia ngitili yake ili iwe kijani mwezi wa nane.

Tufanye hesabu ya maji, kwa sababu naona ndiyo iliyokuamsha usiku. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka ukitaka ubaki kijani kwenye jua hili unahitaji karibu milimita 25 kwa wiki. Kwa picha yako nakisia majani yamechukua mita za mraba 300. Hiyo ni lita 7,500 kwa wiki, lita 30,000 kwa mwezi, yaani uniti 30 za maji yaliyosafishwa na kutiwa dawa ili binadamu anywe, unayamwaga kwenye nyasi. Na hapo nimechukulia kwamba hakuna tone linalopotea. Kijana akisimama na mpira saa saba mchana, sehemu kubwa inapaa hewani kabla mizizi haijaonja.

Sasa ukiamua majani yalale, yanahitaji kitu kidogo sana: kuyaonjesha maji mara moja kila wiki tatu, milimita 12 hivi, ili mashina yasikauke kabisa. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Panga makopo matatu ya nyanya matupu kwenye majani, mwagilia, na maji ndani ya makopo yakifika kimo cha upana wa kidole, simama. Fanya alfajiri. Jioni pia inafaa kuliko mchana, ila majani yanayolala na maji usiku kucha hushikwa na ukungu.

Halafu tupunguze hizo mita 300. Hapa najua wengi hawatanipenda, lakini nauliza kila ninapoitwa: nani anakanyaga wapi? Watoto wanacheza mpira sehemu moja, wageni wanakaa chini ya mwembe, mnaanika nguo upande wa nyuma. Kwa kiwanja chako naona mita za mraba 80 za majani zinatosha, pale palipo sawa karibu na baraza. Mita 80 kwa milimita 12 ni chini ya lita 1,000. Uniti moja kwa wiki tatu, dada, badala ya zile ulizolipia. Kwenye mteremko wenyewe hakuna anayecheza, kwa hiyo pale pakae kitu kingine.

Mteremko ndio ugonjwa wako hasa, rangi ya njano ni dalili tu. Vilima vya Mwanza ni mawe ya matale, na mawe hayo yakimomonyoka yanatoa mchanga mwepesi, ule ambao wakulima wa Kisukuma wanauita luseni. Maji yanapita ndani yake kama kwenye chekecheo na virutubisho vinafuata. Fundi wako aliona mchanga, akadhani dawa ni kuufunika kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Wengi hufanya hivyo, nami nilipoanza kazi hii nilifanya hivyo kwenye kiwanja cha mteja mmoja Buswelu, nikalipwa, na baada ya masika mbili nikaitwa nione korongo. Mfinyanzi ukikaa juu ya mchanga, maji yanasita kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili, hayashuki mpaka tabaka la juu lilowe kabisa. Mizizi inaona raha kubaki juu, kiangazi kikija inakuwa mifupi na inaungua. Na mvua kubwa ikipiga, udongo mwekundu uliojaa maji juu ya mteremko unateleza. Nenda chini ya kiwanja chako, karibu na ukuta wa jirani. Nina hakika utakuta lundo la udongo mwekundu ulilolilipia kwa lori.

Lori hilo halikuishia ukutani. Ukisimama kwenye daraja lolote la mto Mirongo mjini baada ya mvua ya nusu saa, unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaelekea ziwani. Ule ni udongo wa viwanja vyetu. Fosforasi, ambayo ni moja ya vyakula vikuu vya mimea, hushikamana na chembe za udongo na kusafiri nazo. Ikifika ziwani inalisha mwani. Mwani unastawi, maji yanageuka kijani kama mlenda, kisha unakufa na kuoza, na kuoza kule kunamaliza hewa ya oksijeni ambayo sato na sangara wanaitegemea. Magugu maji yaliyotusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 nayo yanakula chakula hicho hicho. Kwa hiyo ukiniuliza kitu kimoja cha kulifanyia ziwa hapo ulipo, nitasema zuia udongo wako usitoke kwako.

Mawe unayo, na Mwanza hakuna aliyewahi kukosa mawe. Tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita mbili zifungwe juu, ufito wa tatu uzikate katikati kama herufi yenyewe, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa ule ufito wa kati, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa tembea nayo kukatisha mteremko, kila miguu yote miwili inapokaa na kamba ikaangukia katikati, chomeka kijiti. Mstari wa vijiti utakaoupata utapinda pinda, usiunyooshe. Huo ndio mstari ambao maji hayawezi kukimbia juu yake. Panga mawe kuufuata, makubwa yakizikwa theluthi moja chini, madogo yakiziba mapengo. Kwa mteremko wako weka mstari kila baada ya mita nne au tano. Kazi ya siku mbili kwa kijana wako na mwenzake mmoja, na inagharimu nguvu zao na chakula cha mchana.

Nyuma ya mawe, upande wa juu, panda vetiva, nyasi ndefu inayoota kwa mafungu, kwa umbali wa sentimita 15 kati ya shina na shina. Mizizi yake inashuka chini wima, inaweza kufika mita tatu, na haitambai kwenda kumsumbua jirani. Ukikosa vetiva, mchaichai utafanya sehemu ya kazi hiyo na utapata chai. Kati ya mistari, weka viazi vitamu. Najua utacheka, umejenga nyumba nzuri halafu mtaalamu anakuambia upande viazi mbele yake. Lakini hakuna kifunika ardhi kinachoushinda mtambao wa viazi kwenye mchanga wa luseni: unafunika haraka, unavunja nguvu ya matone ya mvua, unakupa matembele wiki nzima. Ila vuna viazi vyenyewe kiangazi, usichimbue mteremko mvua ikiwa imefunga. Kama unataka maua, bogenvilia na alovera vinavumilia jua na havidai maji. Lantana iache huko huko inakouzwa. Maua yake yanavutia, lakini ndege wanasambaza mbegu, inameza vichaka, na mifugo ikiila inaugua.

Jambo moja dogo la fagio. Tumelelewa tukifagia uwanja mpaka ardhi inang'aa, na mama zetu walikuwa na sababu: nyoka. Si kila mtu ni Muyeye, yule mcheza ngoma ya nyoka wa Kisukuma, wa kucheza nao. Basi fagia mita mbili kuzunguka nyumba, pabaki peupe ukione kinachopita. Mbali na hapo acha majani makavu yaanguke na yakae. Ardhi iliyofagiwa kwenye mteremko ni barabara ya maji.

Tuje kwa jirani na UREA yake. Sina ugomvi na UREA, nimeitumia kwenye mahindi miaka mingi, lakini hesabu ni hii. UREA ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Majani ya nyumbani kwa awamu moja yanatosheka na gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Kwa mita zako 300 za sasa hiyo ni kilo moja na nusu, yaani UREA kilo tatu na ushee. Mfuko mzima ni mara 15 ya hapo. Ukizimwaga zote kwenye mchanga, majani yatachukua kidogo, mengine yataungua, na mvua ya kwanza itapeleka iliyobaki chini kwa watoto wako wanakoogelea. Na kwa sasa, Julai, majani yakiwa yamelala, hata hizo kilo tatu ni kumlisha mtu aliyesinzia. DAP, ile mbolea ya kupandia, ndiyo usiilete kabisa kwenye bustani inayotazama ziwa. Ina fosforasi nyingi, na majani yaliyokwisha shika hayahitaji kiasi hicho.

Tumia samadi. Tuko Usukumani, ng'ombe hawajaisha. Lakini iwe imeoza miezi mitatu au minne, imekuwa nyeusi, haina harufu kali, ukiishika haina joto. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuletea mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe, na nadhani ndago yako nyingine ilikuja na lori la udongo kwa mtindo huo huo. Ichekeche, itandaze unene wa nusu sentimita juu ya majani mvua za vuli zikishaanza kunyesha kwa mpangilio, siku ambayo mawingu hayajabeba mvua ya kupasua. Kwa mita 80 unahitaji kama toroli saba au nane. Maganda ya mpunga kutoka mashineni yanafaa kama matandazo kwenye vitalu vya maua na chini ya miti, si juu ya majani.

Na yale majani yanayokatwa, usiyatupe. Yaache pale pale yalipoangukia, yataoza na kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo bustani yako ya majani inaihitaji. Sharti lake ni kukata mara kwa mara na kidogo, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya kimo kwa mkupuo. Kwanja la kijana wako ndilo limechangia njano unayoiona: kwenye picha naona sehemu zimenyolewa hadi udongo. Ukoka uache sentimita nne au tano, kiangazi uongeze kidogo. Jani refu linaupa udongo kivuli na mzizi mrefu.

Kuna watu watakuambia uozeshe mboji kwa magugu maji, ni ya bure na yanajaa mwaloni. Inawezekana, lakini zaidi ya asilimia 90 ya gugu hilo ni maji, kwa hiyo ndoo kumi zinakupa kiganja. Pia linafyonza madini mazito, hasa yanapotoka mifereji ya mjini. Mboji yake weka kwenye maua, usiweke kwenye mchicha.

Pampu ya ziwani mwambie kijana aisahau. Kwanza, kuvuta maji kwa pampu kunahitaji kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa hapa Mwanza. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na pampu yako itakaa ndani ya mita hizo pamoja na bomba. Tatu, ambalo kwa mama mwenye watoto ningelitaja la kwanza, ni kichocho. Fukwe zetu zinacho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono na kuelea majini vikitafuta ngozi. Maji yaliyovutwa sasa hivi yakarushwa kwa mpira kwenye majani ambayo watoto wanakanyaga peku, yanaweza kuwa navyo. Yakikaa kwenye tangi siku mbili vinakufa. Na kuogelea kwenyewe, dada, ongea na kituo cha afya kuhusu kuwapima na kuwapa dawa. Hiyo si kazi ya bwana bustani, ila nisingeweza kuipita kimya. Matete na mafunjo yaliyopo kati yako na maji yasikatwe hata kama yanaziba upepo wa ziwa. Yanachuja yale yote yaliyotuponyoka huku juu.

Maji ya bustani yanatoka juu ya nyumba yako. Mwanza inapata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 150, mvua moja ya milimita 30, ni lita 4,500, na ukitoa zinazorukia pembeni unabaki na zaidi ya 3,500. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili. Fungeni gata kabla ya Oktoba. Maji ya kufulia nayo yanafaa bogenvilia na miti, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo, na yasimwagwe sehemu moja kila siku.

Mchwa wasikutie hofu sana. Wanakula majani makavu, na kadiri majani yanavyokuwa hai ndivyo wanavyohamia kwingine. Usimwage dawa ya kunyunyizia kwenye mteremko wa ziwa. Nyingi zinazouzwa madukani, hasa za kundi la pairethroidi, zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Kichuguu kikiwa karibu na msingi wa nyumba, hilo ni jambo jingine, tafuta mtu amchimbue malkia. Ndago ing'oe kwa kijiti chenye ncha, kiazi na vyote, baada ya mvua udongo ukiwa laini, na urudi kila wiki mbili au tatu. Kiazi kinachochipua bila kupata muda wa kujilisha kinachoka. Dawa nyingi za magugu zitachoma juu, viazi vya chini vitakusubiri.

Shemeji na zege lake namwelewa, lakini mita za mraba 300 za zege, mvua ya milimita 30, ni lita 9,000 zinazoteremka kwa mkupuo kwa jirani wa chini. Hilo litakuwa shauri la balozi wa nyumba kumi, na pengine la korongo. Kama anataka mahali pa kuegesha gari, apange mawe bapa mistari miwili ya matairi na ukoka upite katikati.

Kwa hiyo Agosti fanyeni mawe na gata, Septemba mlete vetiva na samadi ianze kuchekechwa. Oktoba, mvua ya pili ikishalowesha hadi kimo cha kidole, ng'oeni vitambaazi vya ukoka ulio hai kwenye mteremko, mkate vipande vyenye vifundo vitatu, mvichomeke kwenye zile mita 80 palipokufa. Nafasi iliyobaki wazi kwenye mteremko ifuateni siku hiyo hiyo na marando ya viazi vitamu. Na fundi akija na lori la tatu la udongo mwekundu, mrudishe akiwa bado getini.